Ufagio Mlangoni pa Jirani

Januari ile ya fujo za uchaguzi, kukaa kulinishinda. Nilizunguka chumbani mwetu, mtaa wa Mashimoni, kati ya redio na dirisha, na chakula kilikataa kupita. Mama, mzee wa miaka sabini, kila asubuhi alifagia mlangoni petu, kisha pa jirani aliyekuwa amekimbia na watoto wake.

"Unamfagilia nani? Hata mlango waporaji wameung'oa!" nilimfokea.

Akanipa ufagio. "Shika. Hiyo miguu isiyotulia ipate kazi."

Nilifagia kwa hasira, vumbi likinijaa mdomoni. Nilipomaliza, nikasikia njaa.

Jirani hakurudi. Leo nina umri aliokuwa nao mama wakati ule, na wasiwasi wangu haujaisha. Nafagia mpaka mlangoni pa wapangaji wapya wa chumba cha jirani. Wakiuliza kwa nini, nawapa ufagio.