Picha Kumi na Mbili au Thelathini na Sita

Kaka yangu Yotamu, mpiga picha wa Lyulilo, alikuwa na kamera mbili, lakini akili ya kuchagua hakuwa nayo. Kubwa ilikuwa sanduku jeusi la filamu pana: picha kumi na mbili tu, ila alizisafisha mwenyewe nyumbani, na ungeweza kuhesabu vifungo vya shati. Ndogo ilipiga thelathini na sita, lakini filamu yake ilisafishwa Mbeya, naye kwa ubahili hakuipeleka mpaka imalizike. Kuna mtoto alipigwa picha akiwa mgongoni kwa mama yake; iliporudi, alikuja kuichukua kwa miguu yake mwenyewe.

Mwaka wa hamsini na nne, mzee Hezekia wa Busale alimwita. Mwanawe Lameck, aliyekuwa na mwaka wa tatu migodini Johannesburg, alikuwa ameandika akiomba picha ya baba yake na ya mkewe, Damari. Jirani yao Hezroni angeondoka Jumamosi kwenda hukohuko.

"Picha isipowahi, au ikiharibika," mzee alisema, "usikanyage tena Busale na hilo sanduku lako."

Basi ikachaguliwa kubwa. Jumatano tulikwenda, mimi nikibeba stendi ya kamera kama kawaida, bila asante kama kawaida.

Kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe wake. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni. Hezekia alikuwa mzee wa kanisa, lakini hilo hakuliacha. Aliketi kitini mbele ya mlango wenye giza, akapigwa picha, kisha akaelekea shambani kwenye mpunga huku akikohoa kwa nguvu ili Damari ajue amekwenda. Damari akatoka jikoni, akasimama kando ya kiti kilekile, mkono juu ya egemeo.

Hofu yote ya Yotamu ilikuwa mzee asije akarudi ghafla. Aligeuka mara tatu kutazama njia, kumbe kitasa cha kusogeza filamu hakukigeuza hata mara moja. Kamera ndogo ingegoma kupiga mpaka filamu isogezwe. Sanduku halikuwa na ubishi huo.

Ijumaa asubuhi, akisafisha, nilimsikia akimwita Yesu. Picha mbili zilikuwa zimepandana zikawa moja: Hezekia ameketi, na Damari amesimama kando, mkono begani mwa baba mkwe wake, kama watu waliozoeana miaka mingi.

"Rut, nimekwisha," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwonea huruma.

Mchana tulirudi Busale mbio. Yotamu alimwambia mzee nusu ya ukweli, kwamba filamu imeharibika. Mzee akafoka, mimi nikatazama migomba.

"Hezroni atapitia Mbeya, tata," Yotamu alisihi, akiitoa kamera ndogo. "Nitampa filamu hii leo, isafishwe huko."

Ilikuwa filamu mpya. Apige mbili, thelathini na nne zipotee! Nilimtazama usoni nione kama atalia. Hakulia, nami siku hiyo nilimpenda kaka yangu.

Wakati mzee anavaa koti, Yotamu alinipenyezea ile picha mbovu, ambayo hakuthubutu kuiacha nyumbani, niichome jikoni. Damari alikuwa humo, akisubiri zamu yake. Nilimwonyesha kwanza, nikidhani tutacheka wote.

Hakucheka. Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso wa mzee yule. Alizifunika ndevu kwa kidole gumba, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni Lameck huyu, dada," akasema. "Macho, pua, vyote."

"Si baba yake?"

"Tulikaa miezi minne tu, akaondoka. Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Nikifumba macho namkosa."

Moto ulikuwa unawaka mbele yetu. Nilimwachia picha.