Mbwa wa Mbodze Hawafi kwa Kuhara

Jua linachomoza juu ya msitu wa Shimba. Mbodze Chande amechuchumaa mbele ya banda la makuti, mtoto wa mbwa amemlaza mapajani. Anaivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, kisha anaiachia. Ngozi inachelewa kurudi.

"Amekauka huyu," anamwambia Thoya, mwenye mbwa. "Maji umempa?"

"Anaharisha, mama. Nikimpa maji si ataharisha zaidi?"

"Ndivyo mnavyowaua!"

Mbodze anachovya kitambaa safi katika maji ya dafu, anamkamulia mgonjwa tone baada ya tone. Ulimi mdogo unatokeza, unalamba. Mbodze anaangua kicheko cha mtu anayemjua adui yake na aliyekwisha kumbwaga.

Mama huyu ni mlinzi wa mashamba. Huwafukuza nguruwe mwitu wanaotoka msituni kufukua mihogo na kuangusha mahindi, na silaha yake ni mbwa. Wenye mashamba humlipa debe moja la mahindi kila mavuno.

Mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru, chui aliwaua mbwa wake wakubwa wote. Wakabaki watoto watano walioachishwa ziwa karibuni. Mahindi ndiyo kwanza yalikuwa yanaota. Hao watano wasipokua, Mbodze hana kazi, na wanawe hawana ugali.

Ndipo watoto wale walipoanza kuhara.

"Wanyime maji," aliagiza shemeji yake, Mangi, kama walivyofanya wazee wote. Mbodze akatii. Kulipokucha, mmoja alikuwa amekufa.

"Nilikasirika," anasimulia. "Mwanangu Sidi akiharisha nampa dafu. Mbwa naye ana tumbo la namna gani, hata maji yawe sumu kwake?"

Akaangua madafu. Mangi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, mbwa na dafu! Kesho utawatandikia jamvi, uwapikie wali wa nazi!"

"Wali watakula," Mbodze akamjibu. "Nazi ndiyo hawapati, itawazidishia. Ukitaka, kaa nawe ule."

Akawanywesha kidogo kidogo mchana kutwa. Kisha akawatia kikapuni, akapanda nao mpaka Kwale kwa daktari wa mifugo. Daktari alimpa dawa ya minyoo, akamsifu kwa dafu, akamwambia achome matandiko ya zamani. Akamwonya pia: mbwa akiharisha damu, asingoje, amlete mbio.

Wanne wakapona. Mahindi yalipobeba, nguruwe walikuja kama kawaida yao, wakapokewa kwa meno. Shamba la kwanza kuokolewa lilikuwa la Mangi.

Leo Mangi ndiye anayeparamia minazi kumwangulia shemeji yake madafu. Akiulizwa kuhusu kicheko chake cha siku zile, anajikuna kisogo. "Hilo msiliandike. Andikeni kwamba mnazi ni wangu."

Watu hutoka hata Msambweni na watoto wa mbwa ndani ya vikapu. Mbodze hamfukuzi mtu, ila kwanza humgombeza.

Jike lake moja lina mimba. Watoto watakaozaliwa amekwisha kuwagawa: kila shamba linalopakana na msitu litapata mlinzi wake, na kila mwenye shamba atafundishwa kumtunza.

"Nchi ni yetu sasa, na shamba ni letu," anasema, akisimama na kujifunga leso kiunoni. "Nguruwe ndiye hajaambiwa. Mbwa wangu watamwambia."