Moshi wa Kibuyu cha Mama

Hata leo, nikinywa chai yenye harufu ya moshi wa kibuyu, narudi sokoni Garissa wakati wa vita. Askari walikuwa wamechoma boma letu na kumuua baba. Mimi na dada yangu tulilala barazani mwa maduka, tukimngoja mama, tuliyepotezana naye tukikimbia.

Asubuhi moja mwanamke muuza maziwa alitupatia kikombe kimoja cha maziwa. Nilionja, nikapiga kelele, "Hooyo! Mama amekuja!" Kila mwanamke alifukiza vibuyu kwa kuni alizozipenda, na moshi wa mama niliujua.

Dada alikitazama kibuyu cha yule muuza maziwa, akaona kiraka alichokishona mwenyewe.

"Eedo, shangazi, umekipata wapi?"

"Njiani, mwanangu," alijibu yule mwanamke, akiangalia chini.

Dada alinigeukia. Alinirudishia kikombe mdomoni.

"Kunywa polepole," akasema.