Maradhi Mawili kwa Bei ya Moja

Jambo lenyewe lilitugharimu magunia mawili ya machungwa ya Muheza na kofi moja. Kofi nalihesabu kwa sababu nililipokea mimi. Msimu ule nyumba yetu ya Ngamiani ilinuka maganda ya machungwa na mafuta ya karafuu, ambayo mama alijipaka vidoleni kila alfajiri. Baridi yabisi ilikuwa imevivimbisha hata ngumi haikunjiki, kwa hiyo mafungu ya sokoni niliyapanga mimi, binti wa miaka tisa: machungwa matano, nahesabu, nahesabu tena. Siku moja akakiweka kiganja changu kifuani pake. "Hesabu na huu." Moyo ulipiga, ukaruka, ukakimbia kama kuku aliyeona kisu. Hesabu ya kwanza na ya pili hazikufanana hata kidogo.

Tukaenda hospitali. Kwenye foleni mama akaninong'oneza, "Leo tumefuata vidole. Moyo usiutaje. Ukionyesha unataka vitu viwili, bei inapanda." Mficha maradhi kilio humuumbua, methali hiyo mama aliijua, akiwagawia majirani bure. Daktari akavitazama vidole, akaandika, akauliza, "Kuna lingine, mama?"

"Hakuna, mwanangu."

"Ana na moyo," nikasema. "Nimeuhesabu mara mbili, hesabu haikai." Hapo ndipo kofi lilipotua.

"Mwache, mama, huyu shahidi." Daktari akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa, akayahesabu mapigo. Kisha akaeleza kwamba ugonjwa ule hauishii viungoni. Uvimbe wake huweza kuvuruga hata mapigo ya moyo, na moyo unaopiga ovyo huweza kugandisha damu, ikipanda kichwani ni kiharusi.

"Kumbe mzigo ni mmoja," mama akasema taratibu. "Basi nipunguzie."

Kipimo cha moyo hakikupunguzwa; ndiyo yale magunia mawili.

Mama yu hai, anameza vidonge vyake na kulaani bei yake. Mimi sasa nina duka, na fedha ya daktari hainipungukii. Lakini tangu mwezi uliopita vidole vyangu huamka vigumu, na juzi ngazini moyo uliruka, mara mbili. Nina miadi Jumatatu, na nimejikuta nikipanga lipi nimwambie daktari, lipi nilifiche. Zamani niliona ule ulikuwa ubahili wa mama. Leo naujua ni woga, umejifunga kanga ya biashara. Binti yangu naye ana miaka tisa, na mdomo wake haufungiki. Nishaurini: niende naye, au nimwache kwa bibi yake?