Aliyekuwa Akiijaza Ndoo ya Sidi

Sidi, mkewe Dzoro wa bandarini, alianza kusafisha zahanati ile ya nyuma ya Biashara Street akiwa na mimba ya kitindamimba wake, ambaye sasa yuko sekondari. Tambara lake la vyoo halikuwahi kukanyaga chumba cha vidonda, wala yeye hakuwahi kuugua kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo kifua kilipoanza kumbana kila akipiga deki vyooni, alijua pana mkono wa mtu.

Mtu mwenyewe hakumtafuta mbali. Kasyoka, msafishaji mwenzake, alikuwa ameajiriwa masika yalipokwisha. Mwanamke mkimya, mwenye adabu zilizopita kiasi. Kila siku alifika mapema kuliko wote, akaijaza ndoo ya Sidi maji na dawa, akaisogeza mlangoni.

"Nimekutayarishia, dada," alikuwa akisema, macho chini.

Nani alimwomba? Huyu ataka nafasi yangu, Sidi akawaza. Akaacha kunywa chai ya pamoja. Glavu akawa anarudi nazo nyumbani Ganjoni, zisije zikatiwa kitu. Dzoro alipomsihi akapimwe, alimjibu, "Nipimwe nini, na mbaya wangu namwamkia kila asubuhi?"

Siku moja akamtangulia Kasyoka kazini, akajibanza nyuma ya mlango wa stoo. Kasyoka akaja, akamimina klorini ndooni. Akatazama mlangoni. Kisha akatoa chini ya sinki chupa isiyo na jina, akaongeza. Harufu kali ikapanda.

"Nimekushika!" Sidi akajitokeza. "Wanitilia nini?"

"Ni asidi ya kung'arisha vyoo, dada. Zikiwa mbili, vijidudu havibaki. Nakuona wasugua umeshika kiuno, nikataka kukupunguzia."

"Basi mbona wajificha?"

"Nimeinunua mwenyewe. Niliogopa nitaulizwa kwa nini naleta dawa za nje."

Kikohozi kiliwashika wote wawili, machozi yakawatoka. Sista Auma, muuguzi wa zamu, aliwasikia akaja mbio, akawavuta hadi nje uchochoroni.

"Mwataka kufa? Klorini na asidi hazitiwi ndoo moja! Zikikutana hutoa hewa ya sumu!"

Kasyoka alikuwa amejikunja ukutani, akivuta pumzi kwa mluzi.

"Nawe kifua chakubana?" Sidi akamuuliza.

"Tangu nianze kazi. Nilidhani ni joto la Mombasa."

Kumbe aliyeinamia ndoo ile mwanzo, kila asubuhi, ni huyu.

Kasyoka alilazwa, na Sidi akafanya kazi ya wote wawili, madirisha wazi. Mwenzake aliporudi kazini, Sidi alimwomba radhi, akamweleza yote aliyomdhania. Kasyoka alisikiliza, akaitikia kwa upole. Lakini hajamsogelea sana tangu hapo. Sasa yeye ndiye anayemtazama Sidi kwa jicho la pembeni, kama mtu anayejiuliza ni lipi jingine analodhaniwa.