Anwani ya Nyanya Yake Tiana

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, hata zile siku ambazo nasahau nilipoweka miwani. Nilikuwa nimekaa kwenye ofisi ya shule moja ya msingi kule Marekani, napanga mafaili, msichana wa Eastlands, Nairobi, aliyepanda ndege na kubahatika kupata kazi ya karani msaidizi. Mwalimu mkuu akapita akisema kuna watoto wanasoma pale bila haki, wazazi wao wameandika anwani za uongo, na yeyote anayemjua mmoja amtaje. Nikamtaja mmoja. Hakuna mtu aliyenisukuma.

Nakueleza haya kwa sababu ya maneno uliyoyasema jana hapa Komarock, kwenye meza yangu, ukinywa chai yangu. Wiki ijayo unaenda huko huko kusomea uuguzi, nami nimefurahi kama nyanya yeyote. Lakini ulisema, "Shosh, watu weusi wa huko ni wavivu tu. Wako na shule za bure na bado wanafeli life." Wenzako wakacheka. Mimi sikucheka wala sikukukemea, kwa sababu maneno hayo hayo niliyabeba kichwani nikipanda ndege, kabla hata sijamzaa mama yako.

Ujue kwanza jinsi shule za kule zinavyoendeshwa, maana sidhani kuna atakayekuambia. Sehemu kubwa ya pesa za shule inatoka kwenye kodi ya nyumba za eneo lake. Nyumba zikiwa za bei kali, shule ina maktaba, piano na walimu wa kutosha. Nyumba zikiwa za hali ya chini, mtoto anakalia kiti kibovu. Mpaka wa eneo la shule unaweza kupita katikati ya barabara, na mtoto wa upande huu haruhusiwi kusoma upande ule, hata kama bendera ya shule anaiona kutoka dirishani kwao.

Mimi nilipanga chumba upande ule wa nyumba za hali ya chini. Ghorofa ya juu yangu aliishi Denise, mama mweusi mzaliwa wa pale, aliyekuwa akihudumia wazee katika makao yao. Theluji yangu ya kwanza ilinikuta natembea na sweta kama mjinga, na ni yeye aliyenipa koti. Binti yake, Tiana, alikuwa na miaka minane. Nilimfundisha kuniita Anti, akashika. Kila asubuhi Denise alimpeleka kwa nyanya yake ng'ambo ya barabara, na kutoka pale mtoto alikuja shuleni kwetu, maana alikuwa ameandikishwa kwa anwani ya nyanya. Darasani hakuna aliyemshinda hesabu.

Mtoto huyo ndiye niliyemtaja.

Usiniulize kama nilikuwa na kinyongo na Denise, sikuwa nacho. Nilitaka wakubwa wa ofisi waone kwamba mimi si kama yeye, kwamba sisi tuliotoka Afrika tunafuata sheria na hatutafuti mteremko. Mwalimu mkuu akaniambia mimi ni tofauti, na siku hiyo nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Tiana akaondolewa darasani katikati ya muhula. Denise akashtakiwa kwa kuandika uongo kwenye fomu, na alipopatikana na hatia akafutwa kazi, kwa sababu kazi ya kuhudumia wazee haimtaki mtu aliyewahi kufungwa au kuhukumiwa.

Nyanya ndiye aliyekuja kuchukua vitu vya mtoto. Aliitwa Loretta, mwanamke wa miaka sabini na kitu, na alijua ni mimi, maana jina langu lilikuwa kwenye karatasi za kesi. Nikampa madaftari na koti dogo ndani ya mfuko. Akakaa kwenye benchi, akanieleza bila kupandisha sauti kwamba yeye na marehemu mumewe walipokuwa vijana walinyimwa mkopo wa nyumba upande ule kwa sababu ya rangi yao, na wote wawili walikuwa na kazi. Kulikuwa na ramani, na mitaa ya watu wao ilipakwa rangi nyekundu, alama kwa benki zisikopeshe huko. Walizeeka wakingoja, ndipo wakapata ile nyumba.

"Nyumba ile tuliinunua kwa ajili ya shule," akasema. "Wewe, huko kwenu, mlikaa upande gani wa mji?"

Nikainama nikaufunga ule mfuko. Tulikaa Jericho, Nairobi, mji ambao wakoloni waliugawa kwa rangi, sisi wakatuweka mashariki, jirani na viwanda. Mama yangu alifua nguo za tajiri mmoja huko magharibi. Aliponitafutia nafasi katika shule nzuri ya kule, aliandika kwamba tunalala kwenye vyumba vya watumishi, nyuma ya nyumba ya tajiri. Uongo mtupu. Miaka saba nilipanda basi alfajiri, makarani wa shule wakiniona nashuka kituoni, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Kiingereza kilichonipa kazi nilikipata pale.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu kusema nimekosea. Akaniambia kwa upole kwamba jambo lile limeshatoka mikononi mwake. Denise alihama, na sikuthubutu kwenda kumuaga. Niliona aibu, na mpaka leo naona aibu.

Tiana nilikutana naye tena mara moja tu, mwaka uliofuata, kituo cha basi. Alisema shule yake mpya haina mwalimu wa hesabu, wanapewa picha za kupaka rangi.

"Anti, ukifika ofisini, waulize kama naweza kurudi."

Hawakuwa wamemwambia ni nani aliyemtaja. Nikamwambia nitauliza.

Barua nilizomwandikia Denise zilirudi bila kufunguliwa, na huyo mtoto sijui aliishia wapi. Hapa kwetu nako usijidanganye. Pita mtaa wa Pipeline asubuhi uone watoto walivyobanana darasani, kisha vuka mji uone viwanja vya nyasi vya wenzao. Nimezeeka nikingoja mtu wa kuufuta mpaka huo, hapa au kule. Sijamwona, na sidhani nitamwona.

Kwa hivyo sina la kukutia moyo, mwanangu, nina la kukuonya. Huko watakusifu. Watakuambia wewe si kama hawa wengine, na ukisikia hivyo ujue kuna kazi chafu wanataka uwafanyie. Kabla hujamwita mtu mvivu au mwongo, uliza alinyimwa nini wewe ukiwa hujafika. Sheria utaifuata, lakini uulize pia ni nani aliyeiandika na ni nani aliyefungiwa nje.

Nenda salama. Mungu akupe afya na masomo yako yakamilike. Akupe jirani mwema kama aliyenipa mimi, na siku utakapoulizwa mtoto wa jirani huyo analala wapi, akufunge mdomo.