Fundi wa Bati Anayefungua Mafundo ya Baba Yake

Umande haujakauka migombani, lakini Avit Rutaihwa ameshakaa chini mbele ya jiko la mama yake, kijijini Ijumbi, wilayani Muleba. Mapajani amepakata kitu cha mviringo, kipana kama ungo, cheusi kwa moshi, kilichosukwa kwa fito na kamba. Anapenyeza msumari kwenye fundo moja, analilegeza, anatulia. Kisha analifunga fundo kama hilo kwenye pete mpya iliyo pembeni yake.

Avit, mwenye umri wa miaka 39, ni fundi wa kuezeka bati mjini Bukoba, ambako amepanga chumba mtaa wa Bakoba. Kazi ikiwepo, hulipwa shilingi elfu ishirini na tano kwa siku. Jumamosi huyaacha mapaa ya watu na kuja Ijumbi kusuka nyumba ya nyasi.

"Wenzangu wananicheka," anasema. "Wanasema, huyu mchana anapigilia bati, nyumbani anarudi kwenye nyasi. Nawaacha wacheke. Hawajui nilichovunja."

Alichovunja ni msonge, nyumba ya mviringo ya nyasi, wa baba yake, Protase.

Mzee huyo aliujenga kabla Avit hajazaliwa, na alifia humo humo. Msonge wa namna yao huanzia juu: kilele hufungwa kwanza chini, halafu pete hufuata pete huku paa likiinuliwa kwa nguzo. Katika ukoo wao kilele hakifungwi na fundi wa kukodi. Mwenye nyumba hukifunga kwa mikono yake, na mafundi husubiri pembeni mpaka amalize.

Mwaka 2015, kwa msaada wa parokia, Avit alikwenda Denmaki kusomea useremala kwa miezi kumi. Posho ya kwanza aliyoibana aliituma nyumbani ikanunue bati.

"Niliona aibu," anasema bila kuzunguka. "Kijiji kizima tulibaki sisi tu na nyasi. Nikamwambia mdogo wangu Joackim, angusheni hiyo kitu, mama alale kama watu."

Mama yake, Gaudiosa, hakubisha. "Mtoto ametuma hela kutoka Ulaya," anasema. "Ningesema nini?"

Huko masomoni, Jumamosi ilikuwa siku ya matembezi. Wanafunzi walipanda treni asubuhi na mikate yao mfukoni, wakazunguka mji mmoja wa kale, jioni wakarudi bwenini. Avit aliona makanisa ya mawe, madaraja, na nyumba zilizopinda kwa uzee zikiwa bado na watu ndani. Alipiga picha, akafurahi kama mgeni yeyote.

Jumamosi ya saba aliingia mtaa wenye nyumba za nyasi. Juu ya ngazi fundi alikuwa akikarabati paa nene, na mwenye nyumba, daktari, alisimama chini akimtazama kwa heshima. Watu walipanga foleni kuingia nyumba ya jirani, wengine wakiwa na watoto, ili waone tu.

"Nilicheka kwanza," anasema Avit. "Halafu nikaikumbuka nyumba ya baba. Nikakaa ukingoni mwa barabara nikampigia Joackim. Nikamwambia, simamisha."

Jibu analikumbuka mpaka leo: "Umechelewa, kaka. Tuliiangusha Jumanne. Nyasi tumetandaza migombani."

Hakwenda matembezi tena. Jumamosi zilizobaki alilala kitandani, uso ukutani.

Aliporudi, hakumweleza mama yake chochote. Nyumba ya bati ilikuwa imara, imepakwa chokaa, na majirani waliisifu. Mvua ilipopiga, Gaudiosa aliinuka na rozari yake akahamia jikoni, kwenye kijumba cha zamani cha nyasi ambacho hakikuguswa. Alisema kwa kelele za bati hajisikii akisali.

Mwaka jana miguu ya mama ilianza kuvimba, naye akasema jambo moja tu: angependa kufia mahali alipofia mumewe. Avit alikwenda mpaka Kashozi kumtafuta Lameki, mzee aliyesuka misonge ujanani, amsaidie kuujenga upya ule wa baba yake.

"Akaniambia, mwanangu, kuta nazijua, pete nazijua. Kilele sikuwahi kukigusa, kila mtu alifunga chake."

Akarudi Ijumbi kumpa mama habari hizo mbaya, na hapo ndipo alipoungama yote: aibu, treni, daktari, simu. Alilia mbele ya mama yake, mtu mzima na mvi zake.

Gaudiosa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwana wange, angalia juu ya mafiga."

Siku ile ya kubomoa alikuwa amekiokota kilele kabla Joackim hajakitia motoni. Alikining'iniza jikoni, akaweka mahindi ya mbegu juu yake.

"Miaka minane nimekula ndizi chini yake," anasema Avit. "Sikuinua macho."

Tatizo ni kwamba fundo halisomeki kwa nje. Ili alijue, lazima alifungue, na kila analolifungua ni kazi ya baba yake inayokwisha. Mwanzoni alikataa. Mama ndiye aliyemwambia kwamba baba yake alifunga ili nyumba ikae, na yeye afungue ili ajue.

Amefungua ishirini na sita. Anakusudia kuinua paa mwezi Juni, nyasi zikiwa zimekauka, kabla mama, mwenye miaka 81, hajashindwa kabisa kutembea.

Limebaki fundo la katikati. Avit anaweka msumari.

"Hilo liache," anasema Gaudiosa kutoka mlangoni. "Hilo nalijua. Alipokuwa analifunga, mimi ndiye niliyemshikia kamba."

Anamtazama mwanawe kidogo.

"Ukifika hapo uniite. Na wewe nitakushikia."